Mwongozo kamili: kutengeneza sensa ya polima inayong'aa ya kupima shaba kwenye maji, kwa walioko Moshi na Arusha

Wakuu, kama umesoma kemia hata ya diploma na una mahali pa kufanyia kazi penye mizani, hoti pleti na chemba ya kuvuta moshi, unaweza kutengeneza polima inayong'aa bluu chini ya tochi ya UV na inayofifia ikikutana na shaba kwenye maji. Ntaeleza hatua kwa hatua. Ila nianze na jambo ambalo watu wengi hawalisemi: kupika polima ndo sehemu rahisi, asubuhi moja inatosha. Kazi yenyewe iko kwenye blanki (kipimo cha maji yasiyo na shaba), standadi (maji yenye kiwango cha shaba unachokijua) na kuhakiki, maana mng'ao unaweza kupungua au kuongezeka kwa sababu kumi ambazo hazihusiani kabisa na metali yoyote, na mtu akikimbilia kutangaza kwamba maji ya kijiji fulani yana sumu kisa tochi imefifia anawaumiza watu bure.

Kwanini shaba na siyo zebaki au risasi? Kwanza ukanda wa kahawa wa Kilimanjaro umepigwa dawa za kopa miaka na miaka kuzuia chulebuni na kutu ya majani, na shaba ikishaingia kwenye udongo haiozi wala haipotei, inakaa pale pale kwenye tabaka la juu, alafu mvua kubwa ikisomba udongo inasomba na shaba. Ni kweli siku hizi TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wametoa miche inayostahimili hayo magonjwa na mwenye hiyo miche hana haja ya kupiga dawa sana, lakini udongo wa zamani bado upo, na maji ya mito kama Karanga, Weruweru na Kikafu yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua. Kwa maji ya kunywa WHO wanaweka kikomo cha shaba miligramu 2 kwa lita, ila samaki na wadudu wa majini wanaumia kwa kiwango cha chini zaidi ya hapo. Sababu ya pili ni usalama wako. Standadi ya shaba ukiimwagia mkononi unanawa yanaisha, ya zebaki ni habari nyingine.

Sasa inafanyaje kazi. Polima tunayotumia inaitwa polietilinimini, tuite PEI, imejaa amini (vikundi vyenye naitrojeni) mwili mzima, na amini zinaipenda shaba kuliko metali nyingi. Ukiipika pamoja na asidi ya sitriki vinaungana na kutengeneza chembe ndogo sana, za nanomita chache, zenye kiini kinachong'aa bluu na ngozi ya PEI nje. Ioni ya shaba ikishikwa na zile amini inakaa jirani kabisa na kiini, inaidaka nishati kabla haijatoka kama mwanga, kwahiyo unaona giza. Ipo familia nyingine ya polima, zile za mnyororo unaopitisha nishati kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambazo Timothy Swager alizionyesha mwaka 1995 kabla hajahamia MIT, hizo ioni moja tu ikinasa popote inazima mnyororo mzima, ni kama mfereji wetu wa mlimani, mtu mmoja akiziba huko juu mashamba yote ya chini yanakosa maji. Ni nzuri sana ila kuzitengeneza kunataka katalisti ya paladiamu na gesi isiyo na oksijeni, kwahiyo kwa kuanzia baki na PEI.

VITU VYA KUANDAA

Asidi ya sitriki safi ya maabara. PEI yenye matawi, uzito wa molekuli kama 10,000, hii utaagiza kwa wauza kemikali na chupa ndogo inakutosha muda mrefu. Kopa salfeti ya daraja la maabara, tafadhali usitumie mrututu wa duka la pembejeo kutengenezea standadi maana hujui usafi wake. Sodiamu asiteti, asidi ya asitiki, EDTA, asidi ya naitriki, pipeti, kyuveti za plastiki (vichupa vya mraba vya kupimia mwanga), mfuko wa dayalisisi wa Dalton 1000 (unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza kubwa), filta za sirinji za mikromita 0.45. Tochi ya UV ya nanomita 365, siyo zile za 395 za kukagulia noti, hizo zinavuja zambarau nyingi na kamera inashindwa kutenganisha zambarau ya tochi na bluu ya polima. Na miwani ya kuzuia UV, hapa hakuna mjadala.

Maji ya distili ni mtihani. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa maji ya kuongezea au ukapewa asidi, kwahiyo soma chupa, na hata yakiwa maji yenyewe bado yanaweza kuwa na metali. Omba kwenye maabara yenye mashine ya kudistili, ikiwezekana yaliyopitishwa na kwenye rezini ya kuondoa ioni. Maji ya bomba ya Arusha usiyaguse kwa kazi hii, yana baikaboneti nyingi na yatakuvurugia pH.

KUPIKA POLIMA

Pima asidi ya sitriki gramu 1 na PEI gramu 0.5, weka kwenye bika na maji moto mililita 10, koroga hadi iwe maji maji yasiyo na mawingu. Weka kwenye hoti pleti ndani ya chemba ya moshi, joto lisifike 200, mimi napendelea kati ya 170 na 190, pima kwa kipimajoto na siyo kwa namba iliyoandikwa kwenye kitufe maana hoti pleti nyingi zinadanganya. Maji yatakauka taratibu na utaona inageuka uji mzito wa njano mpauko unaonata kama gundi. Hapo usikae mbali. Kabla haijaanza kuungua ongeza maji mililita 1, koroga, acha ikauke tena, ongeza tena, endelea hivo hivo kwa muda wa masaa mawili hadi matatu. Rangi itatoka njano mpauko kwenda njano iliyoiva hadi karibu na chungwa. Ikifika kahawia nyeusi na kunuka sukari iliyoungua umepitiliza, ianze upya, kwa sababu ile nyeusi inanyonya mwanga yenyewe na mng'ao unakuwa hafifu. Umeme ukikatika katikati ongeza maji mililita chache, funika, utaendelea ukirudi.

Ikipoa iyeyushe kwa maji ya distili, iweke kwenye mfuko wa dayalisisi na uuloweke kwenye bika kubwa la maji ya distili siku nzima au mbili huku ukibadilisha maji ya nje. Hii hatua watu wanairuka na wanakosea, sababu molekuli ndogo zilizobaki nazo zinang'aa bluu lakini hazina amini za kutosha kushika shaba, kwahiyo zinabaki zinawaka tu hata shaba ikiwepo na sensa yako inaonekana butu. Kilichobaki ndani ya mfuko ndo mali. Kijaze hadi mililita 100, weka chupa ya kahawia, tunza kwenye friji.

Alafu zimua. Hili ni la muhimu kuliko linavoonekana: polima ikiwa nyingi, amini zinakuwa nyingi kuliko shaba na hata ukiweka shaba utaona mng'ao haushuki. Anza na kuzimua mara 100, kisha mara 1000, chagua ile yenye mwanga hafifu kuliko zote ambayo kamera yako bado inausoma bila chenga. Mng'ao mkali unafurahisha macho ila kwa kupima unakupunguzia usikivu.

BOKSI NA SIMU

Kama chuo chenu kina spektroflorimita (mashine ya kupima mng'ao) tumia hiyo, washa kwa nanomita 360 na soma karibu na 450. Kama haipo, simu inatosha. Chukua boksi la kadibodi, lipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, toboa tundu mbili zilizo kwenye pembe ya nyuzi 90, moja ya tochi na moja ya kamera, ili mwanga wa tochi usiingie kwenye lenzi moja kwa moja. Tengeneza kitako cha kyuveti kisichocheza. Karatasi nyeupe isiwepo ndani ya boksi, karatasi nyingi nyeupe zina kemikali za kung'arisha zinazowaka bluu chini ya UV, na shati jeupe ulilovaa nalo litawaka ukiinama na boksi liko wazi.

Kwenye simu tumia programu inayokuruhusu kufunga ISO, muda wa shata, fokasi na mizani ya rangi, na uhifadhi picha ghafi kama simu inaweza, kwa sababu JPEG ya kawaida inabadilisha mwanga kwa mkunjo wake yenyewe na namba haziendi sawa na mwanga halisi. Fungua picha kwenye ImageJ, programu ya bure, tenganisha rangi, chukua wastani wa chaneli ya bluu kwenye mraba ule ule kila picha. Betri ya tochi ijae, ikishuka mwanga unashuka nayo, ndo maana kila baada ya sampuli tano rudia blanki.

STANDADI NA BAFA

Kopa salfeti yenye maji matano gramu 0.393 kwenye lita 1 inakupa shaba miligramu 100 kwa lita. Chukua mililita 10 ya hiyo ujaze hadi 100, una miligramu 10 kwa lita. Kutoka hapo chukua mililita 0.5, 1, 2, 4 na 6, kila moja ijaze hadi 100, utapata mikrogramu 50, 100, 200, 400 na 600 kwa lita. Sifuri ni maji ya distili. Tengeneza siku hiyo hiyo ya kupima, standadi dhaifu zikilala zinanata kwenye kuta za chupa.

Bafa (ya kushikilia pH isiyumbe): sodiamu asiteti yenye maji matatu gramu 4.3 pamoja na asidi ya asitiki ile kali mililita 1, jaza hadi 100, pH itakuwa karibu 5. Kwanini 5? Pale amini zimeshabeba hidrojeni nyingi, zinki, nikeli na kobalti zinapata shida kuing'oa na kukaa, shaba bado inaweza. Usitumie bafa ya fosfeti, inaangusha metali kama mashapo. Na maji ya upande wa Meru yana alkali nyingi, hivo baada ya kuchanganya pima pH, kama imepanda juu ya 5.5 ongeza nguvu ya bafa kwenye standadi na sampuli zote kwa usawa.

KUCHUKUA MAJI

Chupa za plastiki ngumu za HDPE, ziloweke usiku kucha kwenye asidi ya naitriki asilimia 10, suuza kwa maji ya distili mara kadhaa. Sabuni ya unga ikae mbali kabisa, ina vile ving'arisha vya nguo vinavyowaka bluu. Mtoni simama mkondo ukikujia, chukua maji ya katikati siyo ya ukingoni, suuza chupa kwa maji yale yale, jaza. Chukua chupa mbili kila mahali. Ya kwanza chuja kwa filta ya 0.45 na upime kwa sensa siku hiyo hiyo. Ya pili tia matone ya asidi ya naitriki safi hadi pH iwe chini ya 2, hiyo ni ya kupeleka maabara kubwa. Andika kwenye chupa mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha usiku, kwa sababu maji ya mfereji baada ya mvua ya masika na maji ya Septemba ni vitu viwili tofauti.

KUPIMA, NA KUHAKIKI AMBAKO NDO ROHO YA KAZI

Kila tyubu, ambayo utamimina kidogo kwenye kyuveti ya kupigia picha: maji mililita 8, bafa mililita 1, polima iliyozimuliwa mililita 1. Standadi fanya hivo hivo ili uzimuaji ujifute wenyewe. Subiri dakika 10 kwa zote, siyo hii dakika 5 ile robo saa. Pima zote kwa joto moja, mng'ao unashuka joto likipanda, na asubuhi ya Arusha siyo mchana wa Moshi.

Sasa kuna vipimo vitatu ambavyo usipofanya matokeo yako usimwonyeshe mtu.

Cha kwanza, sampuli bila polima. Weka maji ya mto, bafa, na maji ya distili badala ya polima, alafu piga picha. Kama inawaka bluu yenyewe, kuna kitu kwenye maji. Sehemu ambazo akina mama wanafulia mtoni utaliona hili wazi: ving'arisha vya sabuni vimo kwenye maji na vinaongeza bluu, kwahiyo shaba inajificha nyuma ya mwanga wa sabuni na wewe unasoma maji safi wakati siyo. Toa namba hiyo kwenye kila usomaji wa sampuli hiyo.

Cha pili, EDTA. Baada ya kusoma sampuli iliyofifia, tia tone moja, kama mikrolita 50, la EDTA ya molari 0.01, changanya, subiri, soma tena. EDTA inaipokonya PEI shaba yake. Ukiona bluu inarudi, kilichozima mwanga kilikuwa ioni ya metali. Isiporudi, ulichokuwa unakipima ni tope, au ile rangi ya chai ya majani yaliyooza ambayo inanyonya UV ya tochi kabla haijafika kwenye polima. Fanya hivo hivo na kwenye blanki ujue EDTA peke yake inabadilisha nini. Hiki kipimo kinachukua dakika chache na kingeokoa aibu nyingi.

Cha tatu, kuongeza kiasi unachokijua. Chukua mililita 8 nyingine ya sampuli ile ile, ongeza mikrolita 80 ya standadi ya miligramu 10 kwa lita, hapo umeongeza mikrogramu 100 kwa lita. Matokeo yapande kwa karibu 100. Yakipanda kwa 30 tu, kitu ndani ya maji kinashika shaba kabla ya polima yako, mara nyingi ni mboji iliyoyeyuka, na namba ya mwanzo nayo ilikuwa ndogo kuliko ukweli.

Chuma cha feri chenye chaji tatu ndo mshindani mkubwa wa shaba, nacho kinazima chembe hizi. Bahati nzuri kwenye maji yenye hewa kingi kimeshakuwa kutu na kinabaki kwenye filta. Na kwa wenzangu wa Arusha: floraidi, ile inayoharibu meno huku kwetu, sensa hii haiioni kabisa, kwahiyo majibu mazuri hapa hayasemi lolote kuhusu floraidi.

HESABU

Tumia mlinganyo wa Stern na Volmer wa 1919: F0 gawanya kwa F ni sawa na 1 jumlisha K mara kiwango. F0 ni mwanga wa blanki, F wa sampuli. Chora F0/F dhidi ya mikrogramu, upate mstari ulionyooka, mteremko wake ndo K. Mstari ukianza kujipinda juu, ishia hapo, sampuli kali izimue.

Mfano wa namba za kujifunzia tu: blanki 180, K 0.0025, sampuli inasoma 120. 180 gawa 120 ni 1.5, toa 1 inabaki 0.5, gawa kwa 0.0025 ni mikrogramu 200 kwa lita. Kama ulizimua mara mbili ni 400. Kujua chini kabisa unaweza kuona ngapi, soma blanki kumi tofauti, tafuta mtawanyiko wake (standard deviation), zidisha 3 gawa kwa mteremko. Blanki zikitawanyika kwa 2 kwenye 180, hiyo ni kama 0.011, mara 3 ni 0.033, gawa 0.0025 unapata mikrogramu 13. Chini ya hapo andika "haikuonekana", usiandike sifuri.

VIKARATASI VYA KWENDA NAVYO SHAMBANI

PEI ina chaji chanya na karatasi ya filta ina hasi kidogo, kwahiyo inashika bila gundi. Dondoshea polima kwenye vipande vya karatasi ya filta ya maabara, kausha kivulini, funga kwenye bahasha isiyopitisha mwanga. Shambani chovya, subiri, mulika, linganisha na vikaratasi ulivyochovya kwenye standadi. Hii ni ya kuchuja tu, ndiyo au hapana, usiandikie ripoti.

UKITAKA KWENDA KWENYE RISASI NA ZEBAKI

Kanuni ni kubadilisha mikono ya polima. Risasi inapenda kaboksileti nyingi zilizokaa jirani, zebaki inapenda salfa, pia inajibana katikati ya thaimini mbili za DNA. Ila angalia namba: WHO wanaweka risasi mikrogramu 10, kadimiamu 3 na zebaki isiyo ya kikaboni 6 kwa lita. Na sensa yetu ya mfano hapo juu inaanza kuona kwenye 13. Yani kwa metali hizo, simu na boksi peke yake havifiki, unahitaji spektroflorimita na msimamizi aliyezizoea, na chumba chenye utaratibu wa taka. Usinunue chumvi ya zebaki kwa kujifunzia.

Taka za shaba nazo zisiende kwenye sinki. Weka dumu lenye lebo, mimina humo standadi, sampuli na maji ya kusuuzia ya kwanza, likijaa likabidhi kwenye maabara yenye utaratibu wa kuzitoa.

Sampuli zilizopita vipimo vyote vitatu na bado zinaonyesha shaba nyingi, au zilizogoma kwenye EDTA na huelewi kwanini, chukua ile chupa ya pili yenye asidi uipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Waombe shaba ya jumla, na kwenye daftari lako weka majibu yao pembeni ya yako. Yao yakiwa makubwa zaidi usishtuke mapema, mashine inahesabu shaba yote pamoja na iliyonasa kwenye vumbi na mboji, sensa inahesabu ile iliyo huru tu, na kwa samaki hiyo iliyo huru ndo inayoumiza zaidi. Kwahiyo ripoti zote mbili, kila moja na jina lake.